Charaka Samhita: Kitabu Kilichoandika Madeni Yake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya mwaka ya hekalu letu)



Kamati imetutaka tuseme maneno machache juu ya Ayurveda, elimu ya tiba tuliyoirithi kutoka kwa wahenga wa Bara Hindi. Tumepokea wito huo kwa furaha, na kwa woga pia. Sisi ni watu wa biashara. Elimu yetu ya darasani iliishia sekondari; hatukuhitimu udaktari, wala hatukukaa mbele ya pandit tukajifunza Kisanskriti hadi kubobea. Tulichonacho ni mapenzi ya kusoma, na miaka mingi ya kuuza viungo: tangawizi, manjano, pilipili manga, iliki, na vingine ambavyo majina yake yamo katika vitabu vya kale vya tiba kama yalivyo katika vyungu vya mama zetu. Kwa hiyo hatutatoa maagizo ya tiba leo. Tutasimulia habari za kitabu kimoja, na tutakiuliza swali ambalo mfanyabiashara yeyote huliuliza mzigo unapofika mlangoni: umetoka wapi?

Kitabu chenyewe ni Charaka Samhita. Neno samhita lina maana ya mkusanyiko, yaani mambo yaliyowekwa pamoja kwa utaratibu. Kimeandikwa kwa Kisanskriti, mahali pengine kwa beti na pengine kwa nathari, nacho kina sura 120 zilizogawanywa katika mafungu manane. Fungu la kwanza, lenye sura 30, huweka misingi: chakula, usingizi, majira ya mwaka, tabia za dawa, na wajibu wa tabibu. Hufuata mafungu matatu yenye sura nane kila moja, juu ya vyanzo vya maradhi, juu ya vipimo na mafunzo ya tabibu, na juu ya mwili wa binadamu na uzazi. Fungu la tano, lenye sura 12, hueleza dalili za mgonjwa aliyekaribia kufa, ili tabibu asiahidi asichokiweza. La sita, lenye sura 30, ndilo la matibabu yenyewe. La saba na la nane, sura 12 kila moja, hushughulikia dawa za kusafisha tumbo na namna ya kuzitumia bila kumdhuru mgonjwa. Wataalamu wengi wa historia hukadiria kwamba kiini cha kitabu hiki kilipata umbo tunalolijua takriban miaka 2000 iliyopita, na kwamba sehemu zake za mwisho zilikamilishwa karne kadhaa baadaye.

Ni nani basi aliyekiandika? Mtu akisikia jina la Charaka hudhani kwamba mzee mmoja mwenye hekima alikaa chini ya mti, akaandika kitabu chote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kitabu chenyewe kinakanusha dhana hiyo. Kila sura inapokwisha, huwekwa maneno ya kufunga yanayosema kwamba risala hii iliandikwa na Agnivesha, ikatengenezwa upya na Charaka. Katika sura za baadaye huongezwa jina la tatu, la Dridhabala, aliyeikamilisha. Majina hayo hurudiwa sura baada ya sura, kama sahihi za washirika wa biashara chini ya kila ukurasa wa hesabu. Hakuna anayemfunika mwenzake.

Tuanze na Agnivesha. Sura ya kwanza husimulia kwamba maradhi yalipoenea na kuwazuia watu katika ibada, masomo na maisha mema, wenye hekima walikusanyika kando ya milima ya Himalaya, wakashauriana kwa huruma. Walimtuma Bharadvaja kwa Indra ili akajifunze elimu ya uhai. Indra alikuwa ameipokea kutoka kwa mapacha Ashvini, nao kutoka kwa Prajapati, naye kutoka kwa Brahma. Bharadvaja aliirudisha kwa wenzake, na Punarvasu Atreya akaifundisha kwa wanafunzi sita: Agnivesha, Bhela, Jatukarna, Parashara, Harita na Ksharapani. Kila mmoja wao alitunga risala yake. Ya Agnivesha ilitangulia, na kitabu kinaeleza sababu: mwalimu hakumpendelea kwa mafundisho ya siri, bali yeye alikuwa na akili iliyowazidi wenzake.

Tunaomba mtazame jambo hilo kwa makini. Wenye imani husoma habari hizo kwa moyo wa ibada, na wanahistoria huzisoma kwa jicho lao. Lakini wote wawili wanaweza kukubaliana juu ya jambo moja: kitabu hiki hakijidai kuanza na mwandishi wake. Tangu ukurasa wa kwanza kinataja mnyororo wa walimu, na kinataja hata wanafunzi wenzake Agnivesha waliokuwa na risala zao. Kati ya risala za wale wenzake watano, ya Bhela imetufikia kwa sehemu tu, kwa njia ya hati ya kale iliyohifadhiwa Thanjavur, kusini mwa India, ikachapishwa Calcutta mwaka 1921. Laiti majina ya wale wengine yasingeandikwa, nani leo angejua kwamba waliwahi kusoma pamoja?

Baada ya Agnivesha akaja Charaka. Kazi yake inaitwa kwa Kisanskriti pratisamskara, yaani kukitengeneza upya kitabu kilichokwisha kuwapo. Kitabu hichohicho kinaifafanua kazi hiyo: mtengenezaji hurefusha palipokazwa mno, hufupisha palipozidi urefu, na hivyo hukifanya kitabu cha kale kuwa kipya tena. Hayo si maneno ya watu walioamini kwamba elimu ya wazee haiguswi. Ni maneno ya watu waliojua kwamba nyumba isiyokarabatiwa huanguka, hata kama msingi wake uliwekwa na mababu wenye baraka.

Mtu wa tatu, Dridhabala, ndiye aliyetugusa zaidi. Kitabu kilipofika mikononi mwake, theluthi yake ilikuwa haipo. Je, alifanya nini? Angeweza kuandika maneno yake mwenyewe, akayatia ndani ya kitabu kwa siri, akasema kwamba Charaka ndiye aliyesema. Badala yake alitangaza pengo lile, na akataja kwa hesabu alichokijaza: sura 17 za fungu la matibabu, pamoja na mafungu mawili ya mwisho yote. Ukijumlisha utapata sura 41 kati ya 120, yaani theluthi kamili na sura moja zaidi. Kisha akaeleza alikotoa yale aliyoyaandika. Alisema aliyakusanya katika risala nyingi, kwa mfano wa maskini anayepita shambani baada ya mavuno, akaokota punje na masuke yaliyosalia.

Katika desturi ya kale ya Bara Hindi, kuokota masazo ya mavuno kulihesabiwa kuwa riziki safi kabisa, kwa kuwa mwokotaji hamnyimi mtu chochote, wala hadai kwamba shamba ni lake. Dridhabala alijiweka katika daraja hilo. Hakujiita mwenye shamba.

Sisi Wagujarati tuna desturi ya chopda pujan, ambayo majirani zetu wengi wamewahi kuishuhudia madukani mwetu wakati wa Diwali. Tunavileta vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi, Ganesh na Sharda, tunaviombea baraka kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza. Wazee wetu walitufundisha kwamba ukurasa wa mapato peke yake si hesabu. Kitabu kamili huandika pia tunayodaiwa: nani alitupa mali, lini, na kiasi gani. Duka lisiloandika madeni yake laweza kung'ara kwa mwaka mmoja au miwili, lakini halina uaminifu, na lisilo na uaminifu halirithiwi na wajukuu. Waswahili nao wamelisema jambo hili kwa maneno matano tu: dawa ya deni ni kulipa. Na deni la elimu hulipwa kwanza kwa kulitaja.

Tukikisoma Charaka Samhita kwa jicho hilo, tunaona kwamba waliotajwa humo si mabrahmani na wafalme peke yao. Katika sura ya kwanza kabisa, kitabu kinasema kwamba wanaoijua mimea ya dawa kwa jina na kwa umbo ni wachunga mbuzi, wachunga kondoo, wachunga ng'ombe, na watu wengine wakaao msituni. Ndugu zetu, huo ni ungamo mkubwa. Tabibu msomi, mwenye beti za Kisanskriti kichwani, anakiri kwamba mwalimu wake wa mimea ni mchungaji asiyejua kusoma. Kitabu hakiishii hapo, kwani kinaongeza kwamba kujua jina na umbo la mti bado si kuujua mti. Tabibu bora ni yule anayejua kuutumia kwa kadiri ya mahali, wakati na hali ya kila mgonjwa. Hivyo mchungaji anapewa haki yake na msomi anapewa wajibu wake, wala hakuna anayemfukuza mwenzake.

Hata wageni wamo. Katika fungu la kwanza kuna mabaraza ambapo wenye hekima hujadiliana juu ya chanzo cha mwanadamu na cha maradhi, na juu ya ladha za vyakula. Miongoni mwa wasemaji yumo Kankayana, anayetajwa kuwa tabibu wa Bahlika. Bahlika ni nchi ya Balkh, upande wa kaskazini wa Afghanistan ya leo, mbali sana na bonde la Ganga. Hoja yake inaandikwa pamoja na za wenyeji. Na mahali pengine kitabu kinataja watu wa Balkh, Waajemi, Wachina, Wayunani na Wasaka, na vyakula walivyovizoea, kikimwonya tabibu azingatie mazoea ya mgonjwa. Hakisemi kwamba chakula cha watu wetu ndicho dawa ya watu wote.

Katika baraza mojawapo, kila mwenye hekima anashikilia neno lake: huyu anasema chanzo ni nafsi, yule anasema ni matendo, mwingine anasema ni wakati. Atreya anawakatiza. Anawaambia kwamba anayeng'ang'ania upande wake hafiki mwisho wa jambo, bali huzunguka tu kama mtu aliyeketi juu ya kinu cha kushindikia mafuta. Wazee wa pwani yetu waliowahi kuona ngamia akizungushwa kushindika simsim wanaielewa picha hiyo bila mkalimani: mwendo wa kutwa nzima, na jioni mnyama yuko palepale alipoanza. Na katika fungu la tatu imeandikwa kwamba kwa mwenye akili ulimwengu wote ni mwalimu, hata usia mwema wa adui haufai kudharauliwa.

Vipo pia vyanzo vya maandiko. Kitabu kinamwagiza tabibu aiheshimu Atharvaveda kuliko Veda nyingine tatu, maana ndani yake mna maombi na taratibu za kuponya. Kinachota katika falsafa za Samkhya, Nyaya na Vaisheshika mbinu za kutafakari: nini kimeonekana kwa macho, nini kinakisiwa kwa hoja, na nini kinapokewa kwa ushahidi wa waaminifu. Hapa ndipo tiba inapoachana na uganga wa kubahatisha, kwa kuwa tabibu anadaiwa sababu.

Hatuwezi kukitaja kitabu hiki bila kumtaja ndugu yake, Sushruta Samhita, chenye sifa kubwa katika upasuaji. Hicho kinajinasibisha na mafundisho ya Divodasa, mfalme wa Kashi, anayehesabiwa kuwa ni Dhanvantari mwenyewe, yule tunayemkumbuka siku ya Dhanteras, siku mbili kabla ya Diwali. Je, vitabu hivi viwili vilishindania wateja? Charaka Samhita inapoeleza uvimbe wa tumboni unaohitaji kisu, inasema waziwazi kwamba hapo mamlaka ni ya watu wa Dhanvantari, yaani mabingwa wa upasuaji. Tabibu wa dawa za kunywa anafika ukingoni mwa ujuzi wake, anasimama, anamkabidhi mgonjwa kwa mwenye ujuzi mwingine. Naye Sushruta anasema kwamba mwenye kujua kitabu bila vitendo, au vitendo bila kitabu, ni kama ndege mwenye bawa moja.

Elimu iliyoandika madeni yake ikawa nayo ni mali ya kukopesha. Ibn al-Nadim wa Baghdad, mwandishi wa karne ya 10, anaeleza katika orodha yake mashuhuri ya vitabu kwamba kitabu cha Charaka kilitafsiriwa kwanza kwa Kiajemi, kisha kwa Kiarabu. Anaeleza pia kwamba tabibu wa Kihindi aitwaye Manka alikitafsiri kitabu cha Sushruta kwa amri ya Yahya ibn Khalid, waziri wa ukoo wa Barmaki. Mwaka 850, Ali ibn Sahl Rabban al-Tabari alimaliza kitabu chake Firdaws al-Hikma, yaani Bustani ya Hekima, akatenga sehemu nzima kwa tiba ya Wahindi na kuwataja Charaka na Sushruta kwa majina. Al-Razi, mmoja wa matabibu wakubwa wa ulimwengu wa Kiislamu, naye alimnukuu Charaka wa Hindi. Majirani zetu Waislamu, ambao katika nyumba zao maneno tiba, dawa na tabibu yalizoeleka kabla ya sisi kushuka majahazini, wajue basi kwamba katika hazina ya tiba ya Kiarabu limo fungu lililotoka Bara Hindi, na wasomi wa Kiarabu hawakuona haya kulitaja. Neno la Kisanskriti pippali, jina la pilipili ndefu, nalo lilipita Uajemi na Uarabuni, na wataalamu wa lugha huliona kuwa ndilo mzazi wa neno letu pilipili. Tunalitamka kila siku sokoni bila kukumbuka safari yake.

Nyumbani nako kazi haikusimama. Katika karne ya 11 huko Bengal, Chakrapanidatta, ambaye baba yake alikuwa msimamizi wa jiko la mfalme Nayapala, aliandika ufafanuzi wa Charaka Samhita ambao mpaka leo wanafunzi huutegemea. Mwaka 1941 tabibu Yadavji Trikamji alisimamia chapa ya kitabu pamoja na ufafanuzi huo katika kiwanda cha Nirnaya Sagar, Bombay, akilinganisha hati mbalimbali. Na mwaka 1949 chama cha Shri Gulabkunverba cha Jamnagar kilitoa kitabu hiki katika juzuu sita, pamoja na tafsiri za Kihindi, Kigujarati na Kiingereza. Jamnagar, ndugu zetu! Mji ule ambao babu za wengi wetu waliupita wakielekea bandarini, wengine wao wakiuita nyumbani. Chuo Kikuu cha Ayurveda cha Gujarat kipo hapohapo tangu mwaka 1967, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka katika mji huo jiwe la msingi la Kituo cha Dunia cha Tiba za Asili.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tukubali kusimama hapa. Jina la Ayurveda leo linauza. Linaandikwa juu ya chupa, pakiti na makopo, na mara nyingi chini ya jina hilo hamna chochote kinachoeleza kilichomo, aliyekitengeneza, wala kitabu alichokifuata. Muuzaji akiulizwa anajibu, "Ni dawa ya wahenga, ya miaka 5000." Hilo si jibu. Mwaka 2004, watafiti walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya eneo la Boston, Marekani. Bidhaa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Ni moja katika kila tano. Zilinunuliwa katika maduka ya kawaida ya vyakula vya watu wetu, kama haya tunayoyaendesha sisi, na wateja wao ni watu kama mama zetu na wajukuu wetu. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto mdogo huharibu ubongo, wala haijali imani ya mzazi aliyeinunua.

Wapo watakaosema kwamba kuyataja haya siku ya sherehe ni kuivunjia heshima elimu ya wazee. Sisi tunaona kinyume chake, na ushahidi wetu ni kitabu chenyewe. Kinasema kwamba dawa isiyojulikana ni kama sumu, kama silaha, kama moto na kama radi, ilhali dawa inayojulikana vyema ni kama amrita. Kisha kinawachora matabibu wa uongo kana kwamba kiliwaona wakipita mitaani mwetu jana: wanazurura wakitafuta wagonjwa, wakisikia nyumba ina mgonjwa huikaribia wakijisifu kwa sauti, humponda tabibu anayemtibu, na wakishindwa humlaumu mgonjwa. Na alama yao kubwa ni ipi? Kitabu kinasema kwamba hakuna amjuaye mwalimu wao, wala mwanafunzi wao, wala aliyesoma nao, wala aliyewahi kujadiliana nao. Kwa ufupi, ni watu wasio na chanzo.

Hii ndiyo tofauti kati ya Dridhabala na tapeli. Wote wawili walikusanya maneno ya wengine. Mmoja aliandika alichookota na mahali alipookota, mwingine akafuta alama za shamba.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu mbele ya Kamati na mbele yenu nyote.

La kwanza linatuhusu sisi wenye maduka. Tusiweke rafuni dawa yoyote ambayo hatuwezi kumweleza mteja ilitengenezwa na nani, wapi, kwa viambato gani, na kama imesajiliwa. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, pamoja na Baraza linalosajili waganga na matabibu wa aina hiyo. Kuuliza cheti si utovu wa adabu. Babu zetu hawakupokea hata gunia la mchele bila hati, iweje sisi tupokee dawa ya mtoto bila swali?

La pili linahusu nyumba zetu. Mgonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu, wa moyo au wa saratani asiache dawa za hospitali kwa sababu mtu amemtajia jina la Charaka. Charaka Samhita yenyewe ilimtuma mgonjwa kwa mabingwa wengine pale ujuzi wake ulipofika ukingoni. Anayekutenga na daktari kwa jina la kitabu hicho hajakisoma. Na mtu anayetumia mitishamba pamoja na vidonge amweleze daktari wake waziwazi, kwa kuwa vitu viwili vyema peke yake vyaweza kudhuru vikikutana.

La tatu linahusu kumbukumbu zetu. Katika jamii hii wapo kina mama na bibi wanaojua matumizi ya ajwain, hingu, manjano na tangawizi kwa undani, na majirani zetu, Wazaramo, Wadigo, Wazigua, Washihiri na wengine, wana elimu yao ya miti na mizizi. Tazameni mwarobaini. Mti huo asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani, na katika Kisanskriti unaitwa nimba. Lakini aliyeupa jina la mti wa maradhi arobaini hakuwa Mhindi. Ni Mswahili, aliyeutazama kwa macho yake, akautumia, akaubatiza. Tunapendekeza maktaba ya hekalu iweke daftari ambamo maarifa ya aina hiyo yataandikwa, na kila ingizo liwe na jina la aliyeyasema kwa ridhaa yake, aliyemfundisha, na mahali yalipotumika. Lisiwe daftari la kujitibia, bali la kuhifadhi, ili siku moja wataalamu wa vyuo vyetu, wakitaka kupima lipi ni kweli na lipi ni mazoea tu, wajue pa kuanzia. Na jirani aliyetufundisha mti aandikwe kwa jina lake, kama wale wachungaji walivyoandikwa katika sura ya kwanza.

Mabibi na mabwana, hekalu hili nalo lina wadai wake. Mawe yake yalibebwa na mafundi wa imani mbalimbali. Maji ya kuchanganyia saruji yalitoka katika visima vya majirani. Na katika vitabu vya michango vya wazee wetu yamo majina ambayo si ya Kigujarati. Tuyasome majina hayo kwa sauti katika maadhimisho yajayo, mbele ya watoto wetu, ili nao wajue wanadaiwa na nani.

 Mungu awajalie afya njema, riziki ya halali na ujirani mwema.